Mizizi ya Akina Washington

Jamani, kutafuta ukoo si mchezo! Tangu nimalize kidato cha nne naandika riwaya ya familia moja, vizazi vinne, na nimekwama kwenye kizazi cha tatu. Babu alinitajia majina aliyoyashika kichwani, basi. Nikajiuliza, Wazungu wenzetu wanajuaje za kwao? Nikawashika akina Washington.

George, rais wa kwanza wa Marekani, alizaliwa Virginia mwaka 1732. Baba yake ni Augustine, babu yake Lawrence, na baba wa huyo Lawrence ni John, Mwingereza aliyekuja miaka ya 1650 na meli ya tumbaku. Meli ikakwama mto Potomac, naye akabaki huko huko. Akamwoa Anne Pope, na baba mkwe akawapa eka 700. Bahati gani hiyo!

Sasa, John mwenyewe mtoto wa nani? Hapo ndipo kazi. Sir Isaac Heard wa London, bingwa wa nasaba, alimwuliza Washington, naye akajibu mwaka 1792 kwamba jambo hilo hakulishughulikia sana. Heard akachora ukoo, kumbe kamshika John mwingine! Joseph Chester alilifichua kosa hilo mwaka 1866: yule John alikuwa na cheo cha Sir, huyu wa Virginia hakuwa nacho. Majina yalifanana tu.

Jibu lilitoka mwaka 1889. Henry Waters, mpekuzi wa wasia za zamani, alionyesha kwamba baba yake John alikuwa kasisi Lawrence wa Purleigh, Essex, aliyefukuzwa kanisani mwaka 1643 kwa tuhuma za kushinda vilabuni. Hapo nilicheka peke yangu.

Lakini kicheko kilikatika. Wasia huandikwa na mwenye mali, na mali ya akina Washington ilikuwa pia watu. Augustine alipofariki mwaka 1743, George, mtoto wa miaka 11, alirithi watumwa 10. Orodha ya watumwa wa shambani kwake Mount Vernon ya mwaka 1799 ina watu 317, wengi wao wana jina moja tu. Kitukuu wa mmoja wao aanzie wapi?

Nimenunua daftari. Jumamosi naenda kwa babu, na safari hii naandika kila jina, hata la yule shangazi asiyependa kutajwa.