Dola ya Kushi na Maandishi Yasiyofahamika

Kila mwaka, nianzapo kufundisha habari za staarabu za kale, humwita mwanafunzi mmoja mbele ya darasa nikamtaka achore Mto Naili ubaoni. Aghalabu huanzia juu, penye Bahari ya Mediterania, akashuka na chaki yake kupitia Kairo, Luxor na Aswan. Kisha mstari hukonda, na mto hukatika mahali fulani jangwani. Mwanafunzi huyo pengine amezaliwa Mwanza, na maji yaendayo Misri ameyaoga utotoni mwake. Hata hivyo ameuchora mto kinyume cha mkondo wake, kutoka mdomoni kwenda chanzoni, kwa sababu ndivyo habari za mto huo zilivyosimuliwa tangu zamani: wenye kusimulia walisimama chini, wakatazama juu.

Baina ya Aswan na Khartoum mto hupita juu ya miamba migumu katika sehemu sita, na vyombo haviwezi kupita humo ila kwa taabu. Hata hesabu ya maporomoko hayo huanzia Misri. Ya kwanza ni ya Aswan, na ya sita yako karibu na Khartoum, ingawa maji yenyewe hufika kwanza kwenye hayo ya sita. Katika nchi hiyo ya maporomoko ndipo ilipokuwa dola ya Kushi, ambayo Wamisri katika maandishi yao hawakuchoka kuiita Kushi nyonge. Jina hilo halikuwazuia kujenga ngome nyingi za kujikinga na huyo mnyonge.

Mji wa kwanza mkubwa wa watu hawa ulikuwa Kerma, karibu na maporomoko ya tatu, nao ulisimama yapata miaka 2500 kabla ya kuzaliwa Kristo. Jengo lake kuu la matofali ya udongo lingali lina kimo cha mita zipatazo 18. Mmarekani George Reisner alichimba hapo kuanzia mwaka 1913, akayaona makaburi makubwa ya wafalme, akahukumu kwamba waliozikwa humo walikuwa maliwali wa Kimisri waliotumwa kusimamia biashara. Reisner alikuwa mchimbaji hodari, na daftari zake zinasomwa mpaka leo. Kosa lake halikuwa la macho. Aliona alichokiona, lakini hakuweza kudhani kwamba ukuu ungeweza kutoka juu ya mto. Ilichukua muda mrefu, na kazi ya Mswisi Charles Bonnet tangu miaka ya 1970, kuthibitisha kwamba Kerma ulikuwa mji wa wenyeji, wenye wafalme wake wenyewe.

Yapata mwaka 1500 K.K. Misri iliishinda Kerma, ikaitawala nchi kwa karne nne na zaidi. Kisha kibao kiligeuka. Kutoka mji wa Napata, chini ya mlima wa Jebel Barkal, mfalme Piye aliteremka na jeshi lake yapata mwaka 730 K.K. akaitiisha Misri, na wafalme wa ukoo wake, Taharqa akiwa mashuhuri kuliko wote, waliitawala mpaka Waashuri walipowafukuza. Jiwe la ushindi la Piye lilionekana Jebel Barkal mwaka 1862. Linasomeka vema, na ndani yake twamkuta mfalme akiingia katika mji uliosalimu amri, akaenda mpaka kwenye mabanda ya farasi, akawakuta wamekonda kwa njaa wakati wa mazingiwa, akamkasirikia adui yake kwa jambo hilo kuliko kwa uasi wenyewe. Twamjua Piye kwa sauti yake. Lakini sauti hiyo ameitoa kwa Kimisri, kwa maana hakuwa na maandishi mengine.

Wazao wake ndio waliojipatia maandishi yao. Yapata mwaka 270 K.K. makaburi ya wafalme yalihamishiwa Meroe, baina ya maporomoko ya tano na ya sita, katika nchi inayopata mvua kidogo, yenye malisho na miti ya makaa. Vichuguu vya mavi ya chuma vilivyozunguka mji huo vinaonyesha kazi iliyokuwa ikifanywa hapo. Piramidi za Kushi ni nyembamba na zenye miteremko mikali, nazo kwa idadi zimezipita za Misri. Mtaliano Giuseppe Ferlini alizibomoa baadhi yake mwaka 1834 akitafuta dhahabu, naye aliipata. Na katika karne ya pili K.K. waandishi wa Meroe walikwisha kuwa na alama zao 23, za namna mbili: za picha kwa mahekalu, na za mwandiko wa mkono kwa shughuli nyingine. Kati ya neno na neno waliweka nukta mbili au tatu, hisani ambayo waandishi wengi wa zamani hawakuwafanyia wasomaji wao.

Sasa tuje kwenye vita. Mwaka 25 K.K. au karibu yake, Misri ikiwa imekwisha kuwa mali ya Warumi, jeshi la Kushi liliishambulia Aswan na visiwa vilivyo karibu, likazichukua sanamu za Kaisari Augustus. Habari hizo twazipata kwa Strabo, Myunani aliyekuwa rafiki wa liwali mmoja wa Kirumi wa Misri. Yeye atuambia kwamba jemadari Petronius aliwafukuza Wakushi na kuubomoa mji wa Napata. Tena atuambia kwamba malkia wao alikuwa mwanamke mwenye nguvu za kiume na chongo ya jicho moja. Hayo ni maneno ya upande mmoja. Lakini mwisho wake ni wa ajabu kwa masimulizi ya mshindi: wajumbe wa malkia walikwenda kumkabili Kaisari katika kisiwa cha Samos, naye akawasamehe kodi aliyokuwa amewatoza. Na mwaka 1910 Mwingereza John Garstang alifukua huko Meroe kichwa cha shaba cha Augustus, kimezikwa chini ya kizingiti cha jengo, hata kila aingiaye amkanyage Kaisari utosini.

Miaka minne baadaye Garstang akapata huko Hamadab, karibu na Meroe, jiwe refu la maandishi lenye majina ya malkia Amanirenas na mwana wa kifalme Akinidad. Watu wa wakati wa vita hivyo ndio hao. Jiwe liko London katika Makumbusho ya Uingereza. Kila mstari wake waweza kutamkwa, kwa kuwa Francis Llewellyn Griffith aligundua sauti za alama hizo mnamo mwaka 1911, akisaidiwa na kiweko cha jiwe kilichoandikwa majina ya Natakamani na Amanitore kwa Kimisri na kwa Kimeroe. Lakini kutamka si kufahamu. Maneno ambayo maana yake ni yakini ni kama 100 tu: *qore* ni mtawala, *kandake* ni bibi mkuu wa kifalme, *ato* ni maji, *at* ni mkate, kwa sababu wafu waliombewa maji mengi na mikate mingi. Wako waliodhani wameliona jina la Rumi katika jiwe la Amanirenas, wengine wanakataa. Ushahidi wa upande wa pili u mbele yetu, nasi twausikiliza kama mgeni asikilizaye kesi asiyoijua lugha yake.

Wanafunzi wangu wa Kiswahili hulifahamu jambo hili upesi niwaonyeshapo barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu. Hati huwasumbua, tena sana. Lakini irabu zikishawekwa mahali pake, maneno huwafikia, kwa sababu baina ya mwandishi yule na wao vinywa havikukoma kusema. Kimeroe hakikupata bahati hiyo. Katika karne ya nne baada ya Kristo, Ezana, mfalme wa Aksum, aliandika kwamba amepiga vita nchini humo (jirani tena ndiye atupaye habari), na dola ikatoweka. Wanubi waliofuata waliandika lugha yao kwa herufi za Kiyunani, wakiongeza herufi tatu walizozitoa Meroe. Ndizo zilizosalia.

Mfaransa Claude Rilly ameonyesha katika karne hii kwamba Kimeroe kina ndugu walio hai: lugha za Wanubi, Kinara cha Eritrea magharibi, Kitama cha mpakani mwa Chad na Darfur, na Kinyimang cha milima ya Nuba. Kwa kulinganisha maneno ya lugha hizi amepata maana ambazo hazikujulikana. Baadhi yake zina wasemaji wachache, na nyingine zimo katika nchi ya vita. Wanubi wa Wadi Halfa walihamishwa mwaka 1964 kwa ajili ya bwawa la Aswan, na mapigano yaliyoanza Sudan mwezi wa Aprili 2023 yameingia Darfur na milima ya Nuba, na Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yameporwa. Anayetaka kujua Amanirenas alisema nini juu ya Warumi, njia yake yapita katika vijiji hivyo, kwa watu hao, neno kwa neno.