Kuuweka Uzazi Akiba: Historia ya Kuchelewesha Kuzaa Katika Bonde la Rufiji

Kugandisha mayai, yaani kuvuna mayai ya uzazi ya mwanamke ambaye bado hataki kuzaa na kuyahifadhi katika baridi kali hadi atakapoyahitaji, ni jambo geni Ikwiriri, mji ulioko zaidi ya kilomita 150 kusini mwa Dar es Salaam. Lakini suala lenyewe, la mimba ije lini na nani abebe gharama ya kungoja, lilikuwa na taratibu zake katika bonde la Rufiji muda mrefu kabla ya maabara.

Miongoni mwa Wandengereko na majirani zao wa pwani, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, kwa miezi na pengine kwa miaka, akifundwa na kungwi hadi siku ya kuchezwa na kutolewa nje. Kwa Wazaramo, walio kaskazini ya Rufiji, mwali alikabidhiwa mwana hiti, kisanamu cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa cha vishungi viwili, akakipaka mafuta na kukitunza kama mtoto, kwa kuwa iliaminika kwamba akizembea katika malezi hayo uzazi wake utafungwa. Kisanamu kilikuwa mali ya ukoo, kikingoja mwali mwingine, na uzazi wa binti nao ulihesabiwa vivyo hivyo. Akishazaa, nafasi kati ya mtoto na mtoto ililindwa na hofu ya kubemenda, yaani imani kwamba mama anayenyonyesha akirudia tendo la ndoa mapema, au akishika mimba nyingine, mtoto aliye mgongoni atadhoofika. Na walinzi wa mwiko huo walikuwa mama mkwe na majirani, ambao macho yao hayakuwa rahisi kuyakwepa.

Upande wa pili wa mambo ulikuwa ugumba. Sensa za Tanganyika kuanzia ile ya mwaka 1948 zilionesha kuwa wanawake wa pwani walizaa watoto wachache kuliko wenzao wengi wa bara, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni magonjwa ya zinaa, hasa kisonono, ambacho huziba mirija inayopitisha yai. Kwa hiyo chama cha UMATI, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1959, kilieneza uzazi wa mpango katika ukanda ambao baadhi ya wanawake walitaka kupumzika kuzaa ilhali wengine walihangaika kwa waganga wakitafuta hata mtoto mmoja. Aliyekosa kabisa mara nyingi alipewa mtoto wa ndugu amlee, na hiyo ndiyo ilikuwa bima yake.

Kuanzia mwaka 1998 Ikwiriri ikawa makao ya mfumo wa kufuatilia takwimu za watu wa Rufiji, uliokuja kuendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara, ambapo wadadisi walipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi 4 wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama na nani ana mimba. Dodoso lao lilihesabu mimba iliyokuja. Iliyoahirishwa haikuwa na safu yake.

Kwingineko, njia ya kuiahirisha mimba kwa maabara ilikuwa imeshaanza: mtoto wa kwanza aliyetokana na yai lililogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1986, lakini kwa miaka mingi mayai mengi yaliharibika kwa sababu yai lina maji mengi, na maji yakiganda polepole hufanya chembe za barafu zinazolichana. Dawa ilipatikana kwa kuligandisha kwa ghafla mno, likawa kama kioo, kisha kulitunza katika naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2012 chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani kiliacha kuuita ugandishaji wa mayai jaribio.

Matokeo yake husifiwa kupita kiasi. Katika kituo kimoja cha New York, taarifa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba kati ya wanawake waliorudi kuyatumia mayai yao, asilimia 39 ndio waliopata mtoto. Waliogandisha kabla ya miaka 38 walifikia asilimia 51. Wengi wanaogandisha hawarudi kabisa. Huko Marekani mzunguko mmoja hugharimu dola 10,000 au zaidi, mbali na dawa, na tangi hudai ada kila mwaka, kwa kuwa naitrojeni huchemka na kupungua, lazima iongezwe.

Upandikizaji wa mimba, ambao bila huo yai lililogandishwa halina kazi, ulizaa watoto wake wa kwanza Uganda mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006, na leo unapatikana Dar es Salaam. Kabla ya mayai kuvunwa, mwanamke huchomwa sindano za homoni kila siku kwa takriban siku 10 hadi 12, huku ovari zikipimwa kwa ultrasaundi mara kadhaa, jambo ambalo kwa mkazi wa Ikwiriri lina maana ya kupanga chumba mjini karibu wiki mbili, au kupanda basi la alfajiri tena na tena, na kutafuta la kumjibu shangazi atakayeuliza anaumwa nini.