Moli kwenye Kemia: Andika fomula sawa kwanza, hesabu baadaye

Wapo wanafunzi wanaoipenda Kemia mpaka wakutane na moli. Hapo kila swali linaonekana gumu. Lakini mara nyingi tatizo si hesabu, ni fomula iliyoandikwa vibaya tangu mwanzo.

Moli ni nini?

Ni namna ya kuhesabu tu. Mayai tunayahesabu kwa trei: trei moja, mayai 30. Atomi ni ndogo mno, huwezi kuzihesabu moja moja. Kwa hiyo Kemia ina "trei" yake, ndiyo moli. Moli moja ina chembe 6.02 × 10²³. Hiyo inaitwa namba ya Avogadro, kwa jina la mwanasayansi wa Italia, Amedeo Avogadro.

Trei ya mayai ya kuku na ya kware zina idadi sawa, ila uzito si sawa. Moli nazo ni hivyo hivyo: moli moja ya kaboni ni gramu 12, ya sodiamu ni gramu 23.

Hatua tatu

Tuseme umepewa gramu 10.6 za kabonati ya sodiamu. Ni moli ngapi?

1. Andika fomula. Valensi ya sodiamu (Na) ni 1, ya kabonati (CO₃) ni 2. Zibadilishane nafasi, unapata Na₂CO₃.

2. Tafuta uzito wa moli moja. Na: 23 × 2 = 46. C: 12. O: 16 × 3 = 48. Jumla ni gramu 106.

3. Gawanya. 10.6 ÷ 106 = moli 0.1.

Mtego uko wapi?

Ukisahau ile 2 ndogo ukaandika NaCO₃, uzito unakuwa 83 na jibu linakuwa kama 0.128. Kalkuleta haitakuambia umekosea. Na kama ni swali lenye vipengele (a) mpaka (d), kosa hilo litakufuata hadi mwisho.

Angalia pia mabano. Kwenye Ca(OH)₂, ile 2 inazidisha O na H zote mbili: 40 + 32 + 2 = 74. Valensi zikilingana, kama za Ca na CO₃, zinakatana: CaCO₃.

Kumbuka haya

- Gramu kwenda moli: gawanya kwa uzito wa moli moja.
- Moli kwenda gramu: zidisha kwa uzito huo huo.
- Moli kwenda idadi ya chembe: zidisha kwa 6.02 × 10²³.
- Gesi kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya atmosfia 1: moli moja ni lita 22.4.

Kwa hiyo kwenye mtihani, kabla hujashika kalkuleta, rudia fomula yako mara moja. Nusu dakika hiyo inaweza kukuokolea swali zima.