Namba Nyuma ya Picha

Baba alipofariki, simu yangu ilikuwa na picha zake zaidi ya mia mbili. Miezi minne baadaye ikazima, ikagoma kuwaka, na fundi akanirudishia ikiwa tupu kama debe. Sikuwa nimehifadhi hata moja kwingine. Uzembe wangu, najua.

Ikabaki moja ya karatasi, nyeusi na nyeupe, aliyopiga mwaka 1974 katika studio jirani na stesheni ya reli hapa Dodoma. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu TANU iamue kuhamishia makao makuu huku, na Baba, kibarua wa reli, aliazima koti apige pozi la mtu wa mji mkuu. Lakini mchwa walishakula uso wake. Nyuma, kwa wino, kulikuwa na namba.

Nikaenda. Siku hizi studio ile inaishi kwa fotokopi na pasipoti saizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Namba unayo?"

Jina hakuuliza. Akaleta boksi la viatu, akapekua bahasha moja moja, kisha akainua kipande cha filamu dirishani. Shati jeupe la Baba lilikuwa jeusi, na nywele zake nyeusi zilikuwa nyeupe, kama za siku tuliyomzika. Nikatafuta kiti.

Studio za aina hii ndizo zilizotuhifadhia sura. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi; kupitia picha zao tunawaona watu wa enzi za masultani na wa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Kilichokuja kuitikisa filamu kilizaliwa nyumbani kwake. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya dijitali. Januari 2012 Kodak yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Lakini mwaka 2018 ilirudisha sokoni filamu yake ya Ektachrome, kwa sababu wateja walikuwa wameanza kuiulizia filamu tena.

Wapenzi wake watakwambia ni rangi, ni kusubiri, ni nidhamu ya kuwa na picha 36 tu kwenye mkanda. Sikatai. Mimi navutwa na jambo jingine: negativu ni kitu. Mwanga uliotoka usoni kwa Baba uligusa chumvi za fedha kwenye filamu ile, dawa ikazigeuza kuwa fedha halisi, nazo zikabaki pale. Haihitaji chaji wala neno la siri. Inahitaji dirisha. Na ukame wetu huku umeisaidia: unyevu wa Pwani huleta ukungu unaokula jelatini ya filamu. Vumbi la Dodoma huikwaruza tu.

Lakini tusidanganyane. Chumba cha giza cha mzee sasa ni stoo ya mahindi. Negativu ilipigwa skani na picha ikatoka kwenye kompyuta ya jirani. Dijitali iliyonipoteza Baba ndiyo iliyonisaidia kumrudisha, ila ilihitaji kitu cha kuanzia.

Kabla ya kunikabidhi, mzee aliigeuza picha mpya, akaandika nyuma namba ile ile. Nanyi zigeuzeni za kwenu, mchwa hawajafika.