Wokovu na Fidia: Sura ya Historia ya Pwani

Mwabungo, kijiji cha Wadigo kilichoko kusini mwa Diani katika kaunti ya Kwale, kilikuwa na njia zake za kuomba salama muda mrefu kabla ya mafundisho ya Kikristo kuhusu wokovu kufika pwani ya kusini. Jirani yake upo msitu wa Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya, yaani misitu mitakatifu, za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ambamo mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na ambamo wazee huomba mvua na kinga dhidi ya maradhi kwa ajili ya watu wote, si kwa ajili ya nafsi moja. Baadaye Wadigo walio wengi waliupokea Uislamu, hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na dini hiyo hufundisha kwamba kila nafsi hubeba mzigo wake na kwamba tumaini la mja ni imani, toba, matendo mema na rehema ya Mwenyezi Mungu.

Dai la Ukristo ni tofauti: mwanadamu amefungwa na dhambi asiweze kujifungua, na Yesu Kristo, kwa kifo chake msalabani, alimtolea fidia, yaani malipo ya kumtoa mtu mikononi mwa aliyemshika. Ililipwa kwa nani? Gregory wa Nyssa, katika karne ya 4, alifundisha kwamba ililipwa kwa Shetani. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alilikataa jibu hilo, kwa kuwa Shetani hakuwa na haki yoyote juu ya mwanadamu hata adai kulipwa.

Pwani, swali hilo halikuwa la vitabuni tu. Njaa ilipobana, kama ile ya Mwakisenge ya 1884 na 1885, jamaa za Kimijikenda ziliweza kumweka mtoto rehani kwa mwenye nafaka, na mtoto asiyekombolewa aliweza kuishia utumwani.

Wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifungua kituo chao Rabai mwaka 1846, lakini kwa miaka mingi mavuno yao yalikuwa haba, na wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyekuwa mahututi. Mambo yalibadilika baada ya Freretown kuanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, kwa kuwa watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana wao, walianza kukimbilia vituo vya misheni. Huko Rabai waliongozwa na William Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, akasomeshwa India na kupewa ushemasi mwaka 1885. Mwaka 1888 mabwana walidai warudishiwe watu wao, na George Mackenzie, mwakilishi wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, akakubali kuwalipa. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zilitolewa Rabai, na walionufaika na mpango huo katika vituo vya misheni walizidi 1,400.

Tukio hilo lastahili kutazamwa pande zote mbili. Kwa mtoro aliyeishika hati yake mkononi, wokovu ulikuwa umeugusa mwili kabla ya kuhubiriwa roho, na hakuna mahubiri ambayo yangeweza kuupita ufasaha wa karatasi ile. Hata hivyo, kampuni ililipa kwa kuwa ilihitaji amani na wenye watumwa ili misafara yake ipite, na kwa kuwalipa ilikiri kwamba walikuwa na haki juu ya watu wale. Kwa kipimo cha Anselm, hayo yalikuwa makosa. Aliyemshika mwenzake kwa dhuluma hadai kitu, na Kanisa la pwani lingepaswa kulisema hilo waziwazi.

Kwa watumwa wasiofika misheni, hati hizo hazikubadilisha lolote. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, na safari hii pia fidia ililipwa kwa mabwana. Waliokuwa watumwa hawakupewa kitu.