Tairi za kobe la mjomba

Wadau, mjomba kanibishia jana. Tairi za Volkswagen yake, ile ya kobe, zina meno kama mpya, basi safari ya Moshi haina neno! Nikamwonyesha ubavuni: namba ya kiwanda inaishia tarakimu 3. Tangu 2000 ni 4, wiki na mwaka. Mpira huzeeka hata gari likiegeshwa.

Kobe hizi zilishinda mbio za Safari 1954, 1957 na 1962. Asili yake ni tairi za nyuzi za mshazari, 5.60-15. Rediali, Michelin iliyoisajili 1946, ni 165R15. Ukihamia, badili zote 4. Ukifunga za mbele tu, nyuma inateleza konani.

"Mbona babu yako alichanganya?"

Babu alipinduka Korogwe, 1974. Mjomba akanyamaza.