Udongo Wenye Risasi: Uzikwe, Ufunikwe au Utibiwe?

Leo, mama, tuutazame udongo wa uani, pale mtoto anapotambaa kisha akatia vidole mdomoni.

Risasi tunayoitaja leo ni madini yaliyomo ndani ya betri za magari. Mtoto akiyameza, hata kidogo kidogo, hudhuru ubongo wake, na madhara hayo huweza kuwa ya kudumu.

Hapa Kenya tulijifunza hayo Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya mtaa huo. Kilifungwa mwaka 2014. Moshi ukaisha, lakini risasi ikabaki udongoni, maana haiozi wala moto hauiteketezi. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahali hapo pasafishwe. Baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirudisha fidia hiyo Desemba 2024.

Je, udongo husafishwaje? Ziko njia tatu.

Ya kwanza ni kuuchimba na kuuzika. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, iligunduliwa kwamba mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini yalikuwa na risasi. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Udongo wa juu ulikwanguliwa nyuani, ukazikwa katika mashimo maalum, na udongo safi ukaletwa. Dawa ya kutoa risasi mwilini ilikuwepo, lakini mtoto akirudi kwenye vumbi lile lile, dawa ni bure. Kijiji cha Bagega kilisafishwa mwaka 2013 tu, na watoto wake walingoja matibabu muda huo wote. Njia hii huondoa hatari nyumbani, ila ni ghali, na shimo lazima liwe mbali na visima.

Ya pili ni kuufunika kwa saruji au kwa udongo safi. Gharama ni nafuu, lakini risasi ingali chini. Saruji ikipasuka, hatari inarudi.

Ya tatu ni kuutibu. Mwaka 2011, mjini Oakland, Marekani, mifupa ya samaki iliyosagwa ilichanganywa na udongo wa makazi. Fosfati ya mifupa huishika risasi ili mwili usiifyonze kwa urahisi. Hata hivyo risasi haiondoki, na kazi hii ni ya wataalamu wenye vipimo.

Mama, usichimbe udongo huo mwenyewe, kwani utatimua vumbi. Ukiishi karibu na mahali palipoyeyushwa betri, mwombe daktari mtoto apimwe damu. Mnawishe mikono kabla ya kula. Piga deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia pakavu. Acha viatu mlangoni. Nawe uliye mjamzito, usile udongo, kwani risasi humfikia mtoto tumboni.

Kisha wewe na majirani mwulize chifu na ofisi ya afya ya kaunti: udongo wetu utasafishwa lini, na kwa njia gani? Zamfara ilitufundisha kwamba tiba ya mtoto huanzia uani.